Baba Aliyebaki Harani

Troyeville, Johannesburg
5 Machi 2023

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu za Sabato, ingawa ilipita jana. Natumaini uko mzima, na mgongo wa Mama umepata nafuu kwa ile dawa ya kupaka. Mimi sijambo. Kazi ya benki inaendelea, na kaka yangu Levi aniambie kama vile viatu vilimtosha au ameshavigawa kwa sababu ya rangi.

Ulikataza mambo mazito yasemwe kwa simu, kwa hiyo naandika kwa mkono, napiga picha, nawe utasoma kwenye simu ya Levi. Nadhani sheria yako haijavunjika.

Unajua kanisa letu la Waswahili hapa Bertrams linakodi jengo kuukuu. Juu ya mlango kuna herufi zilizochongwa kwenye jiwe, na hakuna aliyejua zinasema nini. Marcellin, yule Mkongo anayeongoza kwaya, aliapa kwamba ni Kilatini. Nikapiga picha nikamwonyesha Lorraine, Myahudi ninayekaa naye ofisini. Akacheka. Akasema ni Kiebrania, na hapo palikuwa sinagogi la babu yake, zamani Wayahudi walipojaa mitaa hii. Maneno yenyewe ni ya Isaya, kwamba nyumba ya Mungu ni nyumba ya sala kwa mataifa yote.

Basi akanialika kwao Ijumaa jioni. Mama yake aliwasha mishumaa kabla jua halijatua. Mezani palikuwa na mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, na baba yake akaibariki divai. Kisha akasimama, akawawekea watoto wake mikono vichwani, mmoja mmoja, hata Lorraine mwenye mvi. Baba, nilijifanya natafuta kitambaa cha kufuta pua.

Sasa kila Jumanne naenda darasani kwao Norwood. Torati yao ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Msomaji haligusi kwa kidole, hufuata mistari kwa kijiti cha fedha. Husoma fungu moja kila wiki, na siku wanayomaliza Kumbukumbu la Torati wanaanza Mwanzo hapo hapo. Baada ya Torati kuna Manabii, kisha Maandiko. Nilipoyaita yote Agano la Kale, mwalimu aliniuliza kwa upole, la kale kuliko lipi?

Nasikiliza tu, Baba. Usihofu.

Binti yako,
Jemimah Kerubo


Nyamira
2 Aprili 2023

Kwa mama yangu Kerubo,

Salamu sana. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako ulipona siku alipoalikwa harusi. Levi ameniuliza tena kwa nini nakuita mama, nami nimemjibu kama siku zote: jina la mama yangu liko kwako, na kwetu Gusii jina la marehemu halikai bila mtu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jambo jema kujifunza Maandiko kwa watu waliotangulia kuyashika. Nimewaeleza wazee wenzangu wa kanisa habari ya gombo na kijiti cha fedha, wakafurahi. Mmoja ameuliza kama kijiti hicho kinauzwa.

Lakini hujaandika wanasema nini juu ya Yesu. Wewe hujawahi kusahau jambo kwa bahati mbaya. Na mchovya asali hachovyi mara moja, nakujua tangu unatambaa.

Baba yako


Troyeville
19 Novemba 2023

Kwa Baba mpendwa,

Hamjambo nyumbani? Natumaini mahindi yamevunwa na wewe hupandi tena ngazi ya ghala. Mimi afya ninayo, ila situlii. Naanza kuosha vyombo naacha, nashika kitabu naacha. Acha niseme kabla sijainuka kwenye kiti hiki.

Nimeomba kuwa Myahudi.

Rabi alinikataa. Aliniuliza kwa nini mtu atake mzigo usio wake. Alisema Mungu hadai watu wa mataifa wawe Wayahudi. Wana amri zao chache, na mtu mwema wa taifa lolote ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Akaniambia nikila nguruwe leo sina kosa kwao, nikishaingia ninalo. Nikamwambia nguruwe hajawahi kuuona mlango wa nyumba yetu. Hakucheka. Alinirudisha nyumbani, nikarudi kwake, akanirudisha tena. Lorraine anasema ndiyo desturi, kama Naomi alivyomsukuma Ruthu arudi kwao Moabu. Mara ya tatu alinipa vitabu.

Uliuliza juu ya Yesu. Wao bado wanamngoja Masihi. Nami, Baba, namngoja pamoja nao. Kwaya nimeiacha.

Utauliza nimekosa nini kwetu. Nikiuliza swali kanisani huambiwa niombe. Huku mzee wa miaka themanini alibishana na rabi saa nzima juu ya Ayubu, sauti juu, kisha wakanywa chai. Wote walikuwa wanamwabudu Mungu, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Hapo nilisikia nimefika mahali.

Najua barua hii inakuumiza.

Binti yako,
Kerubo


Nyamira
3 Desemba 2023

Kerubo,

Sisi wazima. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, kisha nikaenda kwa ng'ombe ambao hawakuhitaji chochote.

Umeniumiza. Mimi ni mzee wa kanisa, na mtoto wangu anamngoja Yule niliyemfundisha kwamba alikuja. Sina la kuongeza hapo.

Lakini lipo jambo la adabu. Mtu akitaka binti wa watu hutuma wazee. Wanakuja, wanaketi, wanasema wametoka wapi na wanamtaka kwa nini. Hawa wanakuchukua mzima mzima, chakula chako, Sabato yako, mazishi yako, na hakuna aliyebisha hodi kwangu. Waambie watume watu. Jumapili ya kwanza ya Januari tutakuwa nyumbani tukiwasubiri.

Baba yako


Troyeville
21 Januari 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijui kama bado una nguvu ya kunijibu kwamba umzima.

Levi amenieleza. Kwamba uliwaita baba wadogo wote wawili, mkavaa makoti, mbuzi akachinjwa, viti vikaletwa kutoka kanisani. Kwamba kila gari lililopita barabarani ulisimama. Mlikaa mpaka giza likaingia, na baba mdogo Jeff akauliza kama Wayahudi huwa wanachelewa.

Nilidhani unatania. Wewe hutania na uso mkavu hata mtu asijue, nami nikaisoma ile barua kama mzaha wa mtu aliyekasirika. Nilijifungia chooni ofisini nikalia. Ningalijua, ningalikuja mwenyewe niketi kwenye kile kiti cha wageni.

Hawatumi wazee, Baba. Hawaendi kumtafuta mtu yeyote. Kazi yao ni kumzuia anayekuja. Nilimwambia rabi habari ya mbuzi. Akasema ana aibu, na kwamba kama angejua angekata tiketi.

Bado nasoma. Siwezi kukudanganya kwamba nimeacha.

Binti yako,
Kerubo


Norwood, Johannesburg
15 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Umzima? Mama mzima? Huku baridi inauma hadi kwenye meno. Mwaka na nusu sasa hujaandika, na kwenye simu tunazungumza mvua. Naijua mvua yote ya Nyamira. Sikijui kilichomo moyoni mwako.

Nimehamia Norwood niweze kufika sinagogi kwa miguu, kwa kuwa siku ya Sabato gari haliendeshwi. Huku taa za barabarani huziita roboti, na mtu wa miguu hubonyeza kitufe ndipo avuke. Siku hiyo hatubonyezi, maana kuwasha umeme nako huhesabiwa kazi. Husimama hapo nimevaa gauni langu zuri, nikingoja magari yapungue au apite asiye Myahudi abonyeze. Juzi alinibonyezea mlinzi mmoja wa Bukavu. Akaniuliza kwa Kiswahili, dada, kidole kinauma?

Nikikubaliwa nitazama kwenye kisima chao cha maji ya mvua, na nikiinuka nitahesabiwa kama aliyezaliwa siku hiyo. Watanipa jina la sala. Jemimah, kwao Yemima, litabaki, maana ni la binti wa Ayubu. Lakini baada yake hawatataja jina lako, Enos. Nitaitwa binti wa Ibrahimu na Sara. Nikiugua wataniombea kwa jina hilo, nikiolewa litaandikwa hilo. Nimekuambia mimi mwenyewe ili usilisikie kwa Levi.

Kisha kuna hili linalonisumbua. Ulitufundisha kwamba Tera, baba yake Ibrahimu, alikufa Harani, ndipo Ibrahimu akaondoka. Wayahudi wanapiga hesabu ya Mwanzo wanaona Tera aliishi miaka sitini zaidi baada ya mwanawe kwenda. Wahenga wao wenyewe hawakutulia juu ya jambo hilo. Walisema kifo cha Tera kimetangulizwa kuandikwa ili watu wasiseme Ibrahimu alimtupa baba yake uzeeni. Darasa zima liliendelea mbele, mimi nikabaki hapo.

Nisipokuwa na neno lako nitafanya nini?

Binti yako,
Kerubo


Norwood
7 Septemba 2025

Kwa Baba,

Natumaini mko salama. Mwezi huu kila asubuhi isipokuwa Sabato hupigwa pembe ya kondoo dume, watu wajiandae kwa mwaka mpya na siku ya kufunga. Huku wanaamini Mungu hasamehi kosa ulilomkosea mwenzako mpaka uende kwa mwenzako mwenyewe. Nisamehe kwa ile Jumapili.

Mahakama ya marabi imenipa siku, Jumatano tarehe tano Novemba. Hawahitaji ruhusa yako. Mimi ndiye ninayeihitaji. Baba, bila neno lako siingii majini, na wakiniuliza kwa nini nitawaambia hivyo hivyo. Hata likiwa neno la kukataa, niandikie.

Binti yako,
Kerubo


Nyamira
26 Oktoba 2025

Kwa mama yangu Kerubo,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anasema ule vizuri. Mbuzi alishaliwa, nami nilishakusamehe kabla hujaomba, ila nilikuwa sitaki ujue.

Nilifungua Mwanzo nikupinge. Tera alikuwa na miaka sabini alipoanza kuzaa, Ibrahimu aliondoka ana sabini na mitano, Tera alikufa ana mia mbili na mitano. Nilirudia hesabu kwenye ubao wa zamani wa shule. Sitini. Stefano katika Matendo anasema vingine, nami nimesimama na Stefano mimbarini miaka arobaini. Nitaendelea kusimama naye kila Sabato. Siku nyingine za wiki nimekuwa nikisoma nikiwa upande wa Tera.

Na upande huo nimeona jambo. Safari aliianza Tera. Ndiye aliyemtoa mwanawe Uru, akafika naye Harani, akachoka, akakaa. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kazi Ijumaa jua likishuka. Mimi nilikukataza nguruwe. Mimi nilikwambia Mungu ni mmoja na asifanyiwe sanamu. Nilikuleta hadi hapo nikakaa, nikashangaa mbona wewe hukai.

Sijafurahi. Usiwaambie watu kwamba nimefurahi. Kanisani wameniuliza, nimejibu kwamba mtoto wangu anasali, na aliyetaka zaidi nimemwambia anunue tiketi akakuulize. Naamini umekosea juu ya Masihi, nami nitakuombea kila siku urudi, na hilo hutanizuia.

Hao marabi wakuite binti wa Ibrahimu, sawa. Mimi nitakuita Mama mpaka nife. Ibrahimu hana madai yoyote juu ya mama yangu.

Lakini Tera amenikasirisha. Siku ile mwanawe anafunga mizigo alikuwapo, mzee mwenye macho na mdomo. Aliyesema toka alikuwa Mungu. Tera hakusema kitu, au alisema na hakuna aliyeona haja ya kuandika. Kisha akakaa na kimya chake miaka sitini. Mimi nimekaa nacho miwili, na nimeona hakikaliki.

Kwa hiyo hili limeandikwa, kwa mkono wangu, lisije likapotea kama la kwake. Toka, Mama. Uende. Baba yako amesema.

Baba yako,
Enos