Vizibo Vyako Viko Kwenye Helmeti

Baba watoto,

Ukiamka, usiguse pikipiki kabla ya kusoma hapa. ~~Chakula pasha mwenyewe.~~ Haya, nitakupashia nikirudi. Bomba la jikoni linavuja.

Habari za hilo bomba nilikueleza asubuhi, ukaitikia kwa kichwa kama mkwe mwema, kumbe umejaza masikioni vile vizibo nilivyokununulia vya kuzuia kelele za upepo barabarani! Kisha ukapanda pikipiki kwenda dukani, ukaviacha kando ya kikombe. Ukarudi unaongea kwa kelele, masikio yanavuma upepo. Binti yako akakuita akiwa nyuma yako, hukugeuka. Hapo sikucheka.

Sasa nimevifunga kwa uzi kwenye helmeti. Ukitaka kutonisikia tena, utakunywa chai na helmeti kichwani.

Mama watoto