Sahani Moja ya Mzee Limau

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, baada ya swala

Kwako Zuhura, mke wangu, tuo la moyo wangu,

Kabla ya neno lolote, u mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mwili mzima, ila chumba chetu kina wanaume sita na hakuna hata mmoja anayenukia asumini. Zile siku kumi na moja baada ya harusi nazipitia moja moja kila nikilala, taratibu, zisiishe upesi.

Najua unangoja jibu. Mara tatu umeniuliza kwenye simu kama mkataba ukiisha narudi Tanga au naongeza miaka miwili, na mara tatu nimesema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, mpenzi. Mudiri, bosi wetu hapa, aliahidi kunifanya mkuu wa zamu nikisaini, nami moyoni nilishakubali. Nilikosa tu ulimi wa kukuambia.

Sasa nisikilize. Wamenitoa kwenye geti la hoteli kule Al Sadd, nalinda ukumbi wa picha za zamani zilizoletwa kutoka Uholanzi. Kazi yangu ni kusimama na kuwaambia watu wasiguse. Mbele yangu ipo picha ndogo kama sinia ya kahawa: meza, sahani moja, mkate, samaki wa chumvi, jagi la bati, limau lililomenywa nusu, ganda linaning'inia. Aliyeichora hata Waholanzi wengi hawamjui. Jina lake gumu, sisi walinzi tunamwita Mzee Limau. Mama wa Kilebanoni anayewatembeza wageni anasema alikuwa akipaka rangi milango ya watu ili apate kula, na picha zake zilizobaki hazijai ukuta mmoja. Alichora polepole mno, akianza na vinavyooza: samaki, limau, kisha mkate. Jagi la bati aliliacha mwisho, kwa kuwa bati linangoja.

Nilimpenda huyo mzee, Zuhura. Nilipoona sahani moja nikajua ana mke, wanakula pamoja kama mimi na wewe tulivyokula, na wewe ukinisogezea minofu ukidhani sioni. Nikasema limau kalimenya mkewe, kaitwa mlangoni, anarudi sasa hivi. Nilimwamkia huyo mke kila asubuhi. Otieno, Mkenya ninayelinda naye, akaniambia, "Bwana harusi, hiyo picha itakuitikia siku moja, na mimi nitakimbia."

Ijumaa iliyopita walikuja dada wawili wa Kizanzibari, wanafanya kazi za nyumbani Abu Hamour, siku yao ya mapumziko. Nikawasimulia habari ya mke na limau. Walicheka kwa raha, kisha mmoja akasema, "Bahati yake huyo bibi, mumewe kakaa nyumbani."

Yule mama wa Kilebanoni akaja kuuliza tunacheka nini. Nilipomweleza akatikisa kichwa. Akasema Mzee Limau hakuoa. Alipanga chumba juu ya duka la mikate akafa humo humo. Nikabisha, mimi mlinzi, nikamwonyesha sahani: mbona wanakula pamoja?

Akanitazama kwa huruma. "Kwao kila mtu na sahani yake," akasema. "Sahani moja, bilauri moja, kisu kimoja. Huyu alikula peke yake."

Wageni waliondoka, mimi nikabaki na Mzee Limau hadi zamu ikaisha. Zuhura, sijawahi kuona meza pweke namna ile, na nilikuwa nimeitazama miezi miwili nikifurahi.

Jumapili nilikwenda kwa mudiri nikamwambia sisaini. Hakugomba, aliandika jina la mwingine. Otieno ndiye aliyenigombeza: cheo unakikataa, huko kwenu utakula nini? Nikamwambia chochote, mradi tuwe wawili.

Kwa hiyo narudi, mke wangu, mkataba ukiisha tu. Chumba tunachojijengea huko hakitaezekwa mwaka huu, na tutabanana kwa mama. Chumba hicho nilikuahidi, na ahadi nimeivunja bila hata kukuuliza.

Msalimie mama, ila habari ya kurudi usimpe bado, nataka uwe nayo wewe kwanza. Msalimie baba mkwe pale cherehanini, na mdogo wako aliyenizuia mlangoni siku ya harusi mpaka nikatoa pesa ya kilemba. Barua anakuletea jirani yetu wa hapa anayekuja huko likizo, mpe chai.

Kama nimekosea, nikaripie, lakini ngoja kwanza nifike.

Mumeo, wako peke yako,
Hamadi