Mstari Nilioruka

Bibi,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku ile uliponiuliza, "Imeisha?" nikajibu, "Imeisha, Bibi," haikuwa imeisha. Chini ya karatasi ya dawa ulibaki mstari mmoja, nao niliuruka.

Unakumbuka, magoti yalipokuuma, tulianzia kituo cha afya cha Leta, kile cha serikali, hapa Wamaza. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likawa juu ya vichwa. Muuguzi alikuwa peke yake, amechoka, sauti kali. Lakini alikubonyeza tumbo, akakuuliza, "Mama, ukiwa na njaa, tumbo linachoma?" Ukasema linachoma. Akakuandikia dawa ya magoti isiyodhuru tumbo, kisha akasema kabati ni tupu, tukaitafute nje. Ulitoka ukinung'unika: "Mutu anatoka kwa Leta na karatasi tu, kama mutoto wa shule!"

Kule farmasi, ng'ambo ya soko, ulipewa kiti. Mwenye duka aliona vitabu vyangu akaniita "docta mudogo", na mimi nikafurahi. Dawa iliyoandikwa hakuwa nayo. Akatoa nyingine: "Hii iko na nguvu kupita ile." Kuhusu tumbo hakuuliza. Ukanipa karatasi ya ndani ya boksi nikusomee, kwa sababu ni ya Kifaransa. Nilikutafsiria vizuri: mara ngapi kwa siku, baada ya chakula. Halafu nikafika panaposema mwenye vidonda vya tumbo asiimeze, na choo kikiwa cheusi aache mara moja, aende kwa daktari. Wanaume watatu walikuwa wamesimama nyuma yetu. Niliona aibu kutamka choo mbele yao. Na mbele yako. Nikaikunja karatasi.

Nawe ulikuwa na aibu yako. Uliuona weusi ule, ukanyamaza, mpaka ukaanguka uani. Ulitutoka juu ya pikipiki, kabla hatujafika hospitali ya Kabambare.

Mbuzi wako amezaa wawili, Bibi. Mkeka wako umekunjwa, hakuna anayeukalia.

Juzi mwalimu alitupa mjadala darasani: matibabu yawe mikononi mwa serikali, au kila mtu anunue anapotaka? Nilipangwa upande wa soko. Mwenzangu alisimama akasema, "Kwa Leta unapewa karatasi, kwa farmasi unapewa dawa!" Darasa likacheka. Msichana wa upande wa pili akamrudishia: "Na kule farmasi nani anakupima, mizani ya sukari?" Wakacheka zaidi. Zamu yangu ilipofika, nilisema sina la kuongeza. Nilikuwa nalo. Aliyekuuliza hakuwa na dawa, na aliyekuwa na dawa hakukuuliza. Katikati yao nilikuwepo mimi, ninayejua kusoma.

Mama anasema kituo cha Leta ndicho kilichokuua. Ameapa hatakanyaga pale tena. Na tangu wiki iliyopita mgongo unamuuma, anameza vidonge vilevile, vya farmasi ileile. Navihesabu kila siku, vinapungua.

Nisamehe, Bibi. Nakuahidi sitaruka mstari tena, hata kama soko zima limesimama nyuma yangu. Lala salama.

*

Niliishia hapo jana. Naongeza ya leo.

Karatasi ile nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha sarufi. Niliitoa, nikamfuata Mama jikoni, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nilimsomea yote, na ule mstari wa chini. Kisha nikamwambia kwamba siku ile mstari huo sikukusomea. Aliacha mchi ndani ya kinu. Hakunipiga, hakulia. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akafungua fundo la kitambaa chake kiunoni, akatoa vidonge vilivyobaki, akanipa nivishike.

Tulikwenda kituo cha Leta. Tulikaa kwenye benchi, lilelile. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alimbonyeza tumbo akamuuliza kama linachoma akiwa na njaa. Mama alinigeukia kwanza, ndipo akajibu: "Linachoma." Nikamwonyesha muuguzi vidonge. Akasema asivimeze tena. Kabati lilikuwa tupu, akatuandikia karatasi.

Njiani nilimsomea Mama karatasi ya muuguzi, kwa sauti, na watu wakipita, mpaka mwisho.