Tela la Mlango wa Upande wa Migomba

Jumamosi. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini mawingu bado yamekaa juu ya ziwa, na Buhembe yote inanuka udongo. Na moyo wangu nao umefunga.

Hapa pana jambo.

Nitaandika taratibu nisije nikamwonea mtu. Mume wangu, Ta Ishengoma, ni bwana kahawa. Kazi yake ni kuzunguka vijiji vya Muleba akikagua mibuni ya watu, na siku nyingine hulala huko huko. Miaka yote ya ndoa yetu amelala kwa jamaa, kwa wazee wa kanisa, kwa yeyote, na hajawahi kurudi akilalamikia kitanda. Mhaya gani atakosa pa kulala Muleba? Ukipita tu barabarani unaitwa ndani, unapewa kahawa ya kutafuna, unaulizwa wewe ni wa ukoo gani, na ukijaribu kuaga unaonekana umedharau nyumba ya watu.

Basi mtu huyo huyo, tangu mwezi uliopita, ameshikwa na hamu ya kununua tela la kulala.

Tela! Yale wanayovuta Wazungu wakipita kwenda Biharamulo: kijumba cha magurudumu mawili, ndani kitanda, dirisha na pazia. Nilipomuuliza la nini, akasema kazi imezidi. Kazi imezidi, kwa hiyo anahitaji kitanda chenye mlango na pazia. Nani wa kumdanganya? Si mimi.

Ukweli ni kwamba mwaka huu nimemwacha peke yake mno. Mama yangu anaumwa kule Buganguzi, huko huko Muleba. Miguu imevimba, pumzi zinamkatika akivuka ua tu, na daktari amesema akae karibu na hospitali ya Bukoba achomwe sindano kila siku. Nimembembeleza aje kwangu Buhembe, hapa pembeni ya mji, mpaka nimechoka. Hataki. Na siwezi kumlaumu, maana kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Hata wakikutana njiani kila mmoja hutafuta upande wake wa kupita. Mama ni Mlutheri wa kweli, anaimba kanisani kuliko wote, lakini kwa hili hata mchungaji hamuwezi. Aliniambia wazi, "Bora nifie kwangu kuliko kulala chini ya paa la mwanaume aliyekuoa."

Kwa hiyo ni mimi ninayekwenda na basi kila wiki, nakaa siku mbili tatu, narudi. Huku nyumbani anabaki mwanaume mwenye gari na nyumba tupu.

Halafu jirani yangu Ma Anastela, ambaye hajui kunyamaza hata akilipwa, akaja kuniambia amemwona Ta Ishengoma sokoni Muleba akinunua blanketi. Blanketi nene, jekundu, zuri. Akaniuliza kama limenipendeza.

Nikasema limenipendeza sana. Blanketi lenyewe sijaliona mpaka leo.

Sikumuuliza mume wangu. Nilijitia hamnazo, nikaendelea na cherehani yangu, nikashona sketi za watu. Nilikuwa nangoja ajikwae mwenyewe.

Leo asubuhi akavaa koti akaniambia, "Twende mjini ukachague tela."

Nichague mimi? Gari alilinunua bila hata kuniambia; nililiona likiwa tayari linafukuza kuku uani. Leo natakiwa kuchagua tela. Mwanaume akianza ghafla kukuheshimu namna hiyo, ujue kuna mahali anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikachukua mkoba wangu, nikatia ndani futi yangu ya kupimia nguo, nikapanda gari.

Gereji ni ya fundi mmoja Singasinga, mtu wa mzaha, ambaye hununua vitu vya Wazungu wanaorudi kwao. Alikuwa na matela matatu. La kwanza lilikuwa nyumba kamili, lina jiko na kabati na vitanda viwili. Fundi alicheka tu, akaonyesha kigari chetu. Akasema tukifunga tela lile, gari ndilo litakalovutwa, na mlima wa kwanza wa kwenda Muleba tutaupanda kinyumenyume.

Yakabaki mawili mepesi. Moja lilikuwa la mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa, limekaa chini karibu na ardhi. Jingine lilikuwa la bati, la mviringo kama yai, limeinuka juu ya magurudumu yake. Fundi alishika mkono wa kila moja akauinua peke yake kutuonyesha wepesi wake. Kigari chetu kingeyaweza yote mawili.

Sasa ndipo nikaanza kumwangalia mume wangu badala ya kuangalia matela.

La bati hakulitazama hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye la mbao, akapima kizingiti kwa mguu wake, akapanda, akashuka, akapanda tena. Akauliza kama kuna mahali pa kushika mtu anapopanda. Nikajisemea, huyu ana miguu mizima ya kupanda milima ya watu, anamtafutia nani mahali pa kushika? Nikamwona huyo mtu machoni mwangu: sketi ya kubana, viatu vya kisigino, mkono umenyooshwa asaidiwe kupanda.

Akauliza kama tela linaweza kusimama lenyewe kwa muda mrefu bila gari. Fundi akamwonyesha miguu ya chuma inayoshushwa.

Kumbe si la safari. Litasimama mahali.

Halafu akauliza swali lililonimaliza. Akazunguka tela lote, akasimama upande wa mlango, akatafakari, akamuuliza fundi, "Likisimama pale uani kwangu, mlango unaweza kutazama migombani? Mtu aliye nyumbani asimwone anayetoka?"

Asimwone! Uani kwangu! Yaani si Muleba tena, ni hapa hapa kwenye kibanja chetu cha migomba, mimi nikiwa Buganguzi nasugua miguu ya mama, mtu anatoka mlango wa upande wa migomba bila kuonekana. Nikapanda ndani ya lile la mbao, nikatoa futi yangu, nikapima kitanda. Watu wawili wanalala bila kugusana. Nikashuka nikapima la bati. Mtu mmoja, tena mwembamba, tena asigeuke.

Nikasema, "Nachukua hili la bati."

Ta Ishengoma alinitazama kama mtu aliyepigwa kibao. Akasema kwa sauti ya chini, "Waitu, mke wangu, kile kizingiti ni kirefu." Nikamjibu kwamba yeye ndiye wa kulala humo, na miguu anayo. Nikangoja anikatalie. Nilitaka anikatalie, ili nimwambie yote mbele ya Singasinga na mafundi wake.

Hakukataa. Akamwambia fundi, "Umesikia. Tela ni la mke wangu, mimi nina gari tu. Andika jina lake mlangoni."

Jina langu mlangoni! Yaani alitaka kuniziba macho kwa jina langu mwenyewe. Fundi akasema Jumatatu rangi itakuwa tayari. Tulirudi nyumbani, na mimi nilijiona nimeshinda.

Mchana nikasikia nyundo nyuma ya nyumba. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amevunja sanduku la mbao na anagongelea ngazi ndogo ya vipandio viwili, pembeni ameweka mti wa kushikia, anausugua kwa msasa usichome mkono. Anasugua, anapitisha kiganja, anasugua tena. Mimi ndoa yangu yote sijawahi kutengenezewa hata kigoda.

Nililia. Siandiki uongo hapa. Nilikaa kwenye cherehani nikalia kwa hasira, nikajisemea nikishamaliza kulia natoka na kumuuliza jina la mwanamke huyo.

Nilikuwa najifuta uso Kato alipoingia. Kato ni kaka yangu, ndiye anayekaa na mama Buganguzi. Ameshuka basi la Muleba, na mabegani ana mzigo mkubwa wa nyasi laini, zile tunazotandika sakafuni. Nikaogopa mara moja. Nikauliza, "Mama?"

"Mama hajambo, amekubali," akasema, akitua mzigo. "Na anashukuru kwa blanketi."

Blanketi lile jekundu!

Yeye hakuniangalia. Aliendelea kusema kama mtu anayefikisha ujumbe asije akasahau. Mama amekubali kuja kutibiwa, lakini ana maneno mawili. La kwanza, mlango wa hicho kijumba usitazamane na nyumba, maana hawezi kutoka asubuhi akakutana uso kwa uso na mkwewe. La pili, anataka kujua kijumba ni cha nani. Kama ni cha mkwe, hapandi, hilo ni paa la mkwe hata likiwa na magurudumu. Kama ni cha binti yake, atalala. Na nyasi ametuma zake mwenyewe, hawezi kukanyaga ubao mtupu kama Mzungu.

Nyundo huko nyuma ilikuwa imenyamaza.

Nilitoka. Ta Ishengoma alikuwa amesimama na ngazi yake mkononi, amesikia yote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama chini, mtu mzima yule, akasema, "Ningeanzaje? Mimi niongee habari za kitanda cha mama mkwe? Ndiyo maana nilimtuma Kato. Na kama mama angekataa tena, ungeumia mara ya pili."

Mwanamke wa Muleba yupo kweli. Amevimba miguu, na ni mama yangu.

Kizingiti cha chini kilikuwa cha miguu yake. Mahali pa kushika, mkono wake. Kitanda kipana nilichopima kwa futi yangu kilikuwa changu na chake, nilale naye pembeni nimsikilize pumzi. Na mimi kwa wivu wangu nimechagua yai la bati lenye kitanda cha mtu mwembamba asiyegeuka, na kizingiti ambacho mama hataweza kukipanda bila ngazi hata akisukumwa. Naye mume wangu asingeweza kunikatalia, maana angechagua yeye, lingekuwa lake, na mama asingepanda. Kwa hiyo alinyamaza, akarudi nyumbani kutengeneza ngazi.

Naona aibu. Nimempikia chakula cha jioni kizuri mno mpaka Kato akauliza kuna sherehe gani. Msamaha wenyewe sijauomba bado. Kila nikifungua mdomo najisikia nikisema habari za chumvi. Sijui kama ameshajua nilichokuwa nawaza. Alipokuwa anakula aliniuliza, kwa upole tu, kwa nini nilikwenda gereji na futi.

Nikasema ni mazoea ya ushonaji. Akatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unataka kucheka. Anajua. Nina hakika anajua, na atanitania nalo mpaka tuzeeke.

Kinachoniuma sasa ni kimoja. Tulipokuwa tunaondoka gereji, Mzungu mmoja alikuwa ameinama analichungulia lile la mbao, anagonga ukuta wake kwa vidole kama anayenunua tikitimaji. Kesho Jumapili gereji imefungwa. Jumatatu kabla jua halijapanda nitakuwa nimesimama mlangoni kwa Singasinga, anicheke anavyotaka, nimwambie nilikosea, naomba lile jingine. Nikilikuta limekwenda, mama atapanda ngazi ya mume wangu, kitanda kitakuwa chake, na mimi nitalala sakafuni kwenye nyasi zake, kama nilivyolala nikiwa mdogo.

Na liwe la mbao au la bati, nitasimama hapo mpaka rangi ikauke. Jina langu aliandike kubwa. Mama hajui kusoma, ataweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, atasimama, ataniuliza pale mlangoni pameandikwa nini.

Nitamsomea.