Zaina, Mwanao Ndiye Nyapara

Zaina mwanangu,

Kalamu kashika Mwanaidi, binti yako, maana mimi unanijua, shule niliiona kwa nje. Nimemwambia asipunguze neno hata nikimsema yeye.

Nimehama Misima. Niko Ngombezi, kwenye chumba chako kile kile cha kambini, nalea mtoto wa Mwanaidi. Kiwandani wameleta mafunzo ya kuwapandisha wanawake vyeo. Ndiyo, Zaina. Wewe uliwafundisha wanaume kuanika mkonge, kisha wakawa manyapara wako. Ukaniambia, "Mama, nimechoka kutumwa na wanafunzi wangu." Neno hilo bado linaniuma.

Mwanaidi kasomea Korogwe mjini, mimi nje na mtoto mgongoni, akilia namwingiza anyonye. Kafaulu. Wakampa usimamizi wa uanikaji, wa majaribio kwanza.

Asubuhi ya kwanza akamkuta Mzee Shekiondo, yule uliyekuwa ukianika naye. Binti yako akapiga goti, "Shikamoo babu," kama nilivyomfunda. Wanaume wakacheka: "Nyapara gani huyu anatupigia magoti!" Akashindwa kumtuma mtu. Mvua ikaja, mkonge ukalowa wote. Akarudi analia, anataka kurudisha cheo.

Nikamwambia, acha ujinga. Cheo hicho mama yako alikitamani mpaka anaingia kaburini. Kesho kabla ya kazi nenda mlangoni kwa mzee, mpigie goti hapo, mjukuu na babu yake, mmalizane. Ukifika kazini, simama.

Akaenda. Kisha kazini akasema, "Babu, mkonge ule ugeuzwe sasa hivi." Wote wakamtazama mzee. Mzee akainuka: "Mnanitazama nini? Mimi shikamoo yangu nimeshapewa nyumbani. Nyapara kasema, geuzeni!"

Niliposimuliwa nililia, Zaina. Si furaha tu. Pale ulistahili kusimama wewe.

Jana wamemthibitisha. Na bado kila alfajiri anapita kwa mzee kwanza. Sasa hivi kaacha kuandika, anafuta macho. Andika wewe, mama yako anasubiri!

Mwanangu, huyu mdogo nitamlea mpaka magoti yangu yanikatae. Akikua nitamfunda mwenyewe, kupiga goti na kusimama, yote mawili siku moja. Jina tumempa lako.

Haya, ameamka, ananililia. Zaina mdogo hana subira, kama wewe. Lala, Zaina mkubwa.

Mama yako