Fimbo ya mama mkwe nyuma ya pazia

Jumapili, Kiseke. Mawingu yametanda toka ziwani tangu asubuhi, na manyunyu yanaanza yanaacha kama mtu anayesita kuomba chumvi kwa jirani. Moyo wangu umetulia. Umetulia baada ya aibu kubwa, lakini umetulia.

Kwa wasomaji wangu, ambao najua ni wachache na nusu yenu ni ndugu: mimi ni yule yule. Fundi spika wa Mkuyuni, mtu aliyefika Kampala, Kisumu na Bukoba, aliyekula chapati za nchi tatu kabla hajaota ndevu. Shule nilisoma ya kutosha kuandika jina langu na kulipamba. Mengine nimesomea barabarani.

Na mtu huyu leo nimelowa mvua kwenye kibaraza cha nyumba niliyoijenga mwenyewe, naogopa kuingia sebuleni kwangu.

Sababu ni mama mkwe. Amekuja kutoka Majita kutibiwa macho. Jicho la kulia wameshamtoa mtoto wa jicho, linapona vizuri. La kushoto daktari anataka alifanyie upasuaji baada ya wiki mbili. Sasa, kwa watu wa kwao, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali pamoja. Hata kwetu Usukumani heshima hiyo ipo, ila wenzetu wameikaza nati. Hata shikamoo yangu huwa inapelekwa na mjumbe, naye ni mke wangu Nyangeta.

Kwa hiyo nikirudi kazini nasimama getini nakohoa. Nasikia kiti kinaburuzwa, mama anaingia chumbani kwake, pazia linashushwa, ndipo napita mlango wa nyuma. Nimekohoa mpaka jirani ameniuliza kwa upole kama nimewahi kupima kifua.

Tatizo ni kwamba na yeye anachoka kukimbizwa na kikohozi changu. Juzi nilimsikia akimwambia Nyangeta kwamba amekuja kuwafunga watu miguu ndani ya nyumba yao, na Jumatano atapanda basi la Musoma arudi kwake. Jicho moja linamtosha, alisema, vitu vya kuona vyenyewe vimebaki vichache. Toka baba mkwe azikwe ndivyo anavyosema. Nyangeta amelia siku mbili. Mimi, mtu wa maneno, ninayeweza kumuuzia redio kiziwi, sikuruhusiwa kumwambia hata neno moja.

Maneno yote ninayo. Ruhusa sina.

Basi tuje kwenye muziki.

Nilipokuwa utingo wa lori la samaki kwenda Kampala, dereva wetu, Mganda mmoja mnene, alikuwa hasikilizi kitu kingine. Soul, funk na jazz, toka mpakani mpaka sokoni. Wiki ya kwanza niliteseka. Wiki ya pili nikawa namwambia, "Mzee, ule wa jana uko wapi?" Alipoacha kazi akanipa flashi yake, na ninaitunza kuliko cheti cha kuzaliwa. Tofauti za muziki huo aliniambia yeye, nami nikaziboresha. Soul ni mtu anaomba msamaha na sauti yake ni nzuri, huwezi kumnyima. Funk ni gitaa la besi linalotembea kama mtu aliyetoka kulipwa. Jazz ni wazee wanabishana na hakuna anayekasirika.

Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nyimbo nimezibatiza mwenyewe. Kuna Mama wa Jumapili. Kuna Mkaanga Dagaa, maana ngoma zake zinatatarika kama ziko kwenye mafuta. Na kuna Mpuliza Peke Yake, tarumbeta tupu, huyo namheshimu.

Dukani huchukui spika yako kabla sijaijaribu kwa nyimbo zangu. Ndiyo njia yangu ya kueneza injili. Mavuno si mengi. Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, spika imepona, ila huyu anayeimba ndiye mgonjwa." Nyangeta naye anasema ni muziki wa watu walioachwa. Miaka yote hiyo sijapata hata muumini mmoja.

Leo asubuhi nikaamka nyumba kimya. Nikajua wameenda kanisani wote wawili. Nyangeta anaapa kwamba aliniambia mama atabaki, upepo na vumbi vitamuumiza jicho. Inawezekana. Mimi ni msemaji, kusikiliza nimewaachia wengine.

Nikaweka spika ya mteja katikati ya sebule, nikaiunganisha kwa bluetooth na simu yangu yenye nyimbo za flashi, nikaweka Mkaanga Dagaa kwa sauti ya harusi. Nikacheza na singlendi. Nikazunguka meza. Halafu, Mungu anisamehe, nikashika mwiko kama maikrofoni nikahutubia taifa:

"Mabibi na mabwana! Kutoka Igogo mpaka Igoma hakuna anayeujua muziki huu kama mimi! Ninazo nyimbo za wiki mbili, mchana kutwa, bila kurudia hata moja!"

Umeme ukakatika.

Kimya. Mwiko uko mdomoni, mguu mmoja uko juu. Na katika kile kimya, nyuma ya pazia la chumba cha wageni, nikasikia kitu kinaendelea bila spika.

Ko. Ko-ko. Ko.

Fimbo ya mama ya kutembelea, sakafuni. Na ilikuwa kwenye mapigo yenyewe, haijakosea hata kidogo.

Nilitoka mlango wa nyuma bila shati, nikazunguka nyumba, nikajibanza kibarazani chini ya dirisha la sebule, simu mkononi. Mvua ikanifuata huko huko. Nikawaza: basi, sasa hata Jumatano haitafika, mama ataondoka leo kwa miguu. Mkwe amecheza mbele yake na singlendi yenye matundu.

Umeme ukarudi, spika ikaamka na wimbo ukaendelea ulipoishia. Nilikuwa naenda kuuzima. Ndipo nikasikia pete za pazia zikisogea, hatua za taratibu, na kiti cha sebuleni kikalalamika kupata mtu.

Mama ametoka, amekaa mbele ya spika.

Sikuuzima. Ulipoisha nikaweka Mama wa Jumapili. Fimbo ikagonga. Nikaweka mmoja wa haraka haraka, wenye mayowe mengi. Fimbo ikanyamaza, kisha mle ndani mtu akakohoa. Kikohozi changu kabisa, kile cha getini. Nikauondoa upesi. Nikaweka Mpuliza Peke Yake. Hakukohoa, hakugonga. Ulipoisha, fimbo ikagonga mara mbili, taratibu. Nikaurudia. Tukaenda hivyo asubuhi yote, yeye ndani, mimi nje, ukuta katikati na heshima haijavunjika.

Nyangeta akarudi kutoka kanisani akanikuta nimekunjamana chini ya dirisha.

"Baba Kulwa, unafanya nini hapo na singlendi?"

"Nahudumu," nikamjibu. "Pita ndani, usinisemeshe."

Akaingia. Nikamsikia: "Mama, kumbe umetoka! Na huyu aliyeko nje?"

"Nani? Mimi sijaona mtu. Jicho lenyewe moja." Halafu akasema, "Mwambie yule bwana aliyekuwa anahutubia humu ndani, alisema kutoka Igogo mpaka Igoma hakuna anayeujua muziki huu kama yeye."

"Mama jamani!"

"Mwambie sasa tuko wawili."

Nyangeta akaja dirishani. Nilikuwa naweza kumgusa pua, lakini kazi ya mjumbe ni kazi. "Mama anasema mko wawili."

"Mwambie Mama nimesikia."

"Amesikia, Mama."

"Najua amesikia. Mwambie yule anayepuliza peke yake amrudishe tena. Anapumua kama baba yako akivuta makasia kutoka kisiwani. Ulikuwa unamsikia kabla hujamwona."

Nyangeta hakupeleka ujumbe huo. Tangu mazishi mama alikuwa hajamtaja baba mkwe. Mimi nje nikabonyeza simu, macho yangu yana mvua, na mvua yenyewe ilikuwa imeshakata.

Tarumbeta ilipomaliza, Nyangeta akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na basi la Jumatano?"

Fimbo ikagonga sakafu mara moja.

"Alisema anazo za wiki mbili bila kurudia," mama akajibu. "Asinidanganye, mimi ni mtu mzima. Nitakaa nihakikishe."

Wiki mbili! Nilitaka kurukaruka, nikakumbuka sina shati.

Sasa ni alasiri, nimekaa kibarazani na chai iliyoletwa na mjumbe, na ukweli nauandika hapa, ambapo mama hasomi: flashi yangu ina nyimbo za siku tatu. Mama akizikoholea zile za mayowe, mbili. Mdomo wangu umenifikisha mbali maishani, lakini safari hii utamfikisha mama wa watu kwa daktari, sijutii. Kwa hiyo wewe unayesoma, hata kama ni shemeji yangu, ukiwa na soul, funk au jazz yoyote, niletee pale Mkuyuni. Ya taratibu iwe nyingi. Mayowe mama hataki. Yenye mtu anayepuliza peke yake, iwe ya kwanza.

Na kesho nikirudi kazini sitakohoa. Nitasimama getini kwangu nigonge bati: ko, ko-ko, ko. Nikisikia sakafu inajibu, nitapita mlango wa nyuma kama kawaida, kichwa juu.