Mama Rondang wa Pulo Gadung

Jakarta,
Jumatatu, 8 Julai

Kwako Dada Rondang,

Mzee Sukardi, msimamizi wa makaburi, amenithibitishia leo asubuhi kwamba kaburi la Baba litafunguliwa Ijumaa, na kwamba watakaotolewa humo ni wawili. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua ungeziruka salamu ukilitafuta.

Sasa, hujambo? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la huku halina mapumziko na maji ya bomba yananuka kutu. Barua hii anakuja nayo mke wa Togap, mwenyeji wangu hapa, anayesafiri kesho asubuhi. Sikutaka kupiga simu, maana simu yako Mama huisikiliza pamoja nawe.

Nilifika Jumamosi. Jakarta ni kama tunavyoiona kwenye televisheni, ila hakuna pa kuizimia. Nilifikia kwenye mgahawa wa watu wetu karibu na kituo cha mabasi cha Pulo Gadung, pale Baba alipokuwa akiziba matairi. Mwenye mgahawa ndiye huyo Togap. Kabla hajanipa hata maji aliniuliza ukoo wangu, ukoo wa Mama na ukoo wa mke wangu. Tulipogundua kwamba mke wangu ni wa kwao, akaanza kuniita shemeji na kunitania mbele ya wateja.

"Jamani, mwoneni huyu shemeji yangu. Miaka yote anaandika gazetini habari za serikali, na serikali yenyewe inapokaa ndiyo kwanza anapaona leo."

Walicheka, nami nikacheka. Akaniongezea nyama ya nguruwe.

Nilimwambia kilichonileta: kwamba kaburi kubwa la ukoo limekamilika kwetu Balige, sherehe ya kuingiza mifupa ni tarehe 20, na Mama ameapa kwamba siku yake ikifika hatalazwa humo kama Baba hayumo. Togap alimkumbuka Baba vizuri. Alisema mjini hapa hakuna aliyemjua kwa jina la ubatizo. Wote walimwita Baba Rondang, kama huko nyumbani. Kisha akaenda kufuta meza iliyokuwa safi. Nimehoji watu muda wa kutosha kujua maana ya meza ile.

Jana baada ya ibada nilikwenda makaburini. Kaburi lilikuwa limefagiliwa na lina maua mabichi. Nilimuuliza Mzee Sukardi nani analitunza, akasema ni Mama Rondang. Nikamwambia Mama Rondang ni mama yangu mzazi, nimemwacha Balige na goti limevimba. Alinitazama, akavuta sigara yake mara moja.

"Basi wako wawili, mwanangu. Huyu wa kwetu anakaanga ndizi pale kituoni."

Alinieleza kwamba ardhi ya kuzikia imekwisha mjini, kwa hiyo watu huzikwa juu ya ndugu zao, mradi familia ikubali. Juu ya Baba kulikuwa na mtu mwingine, na aliyekubali kwa niaba ya familia ni huyo muuza ndizi. Bila ridhaa yake hakuna atakayetia jembe pale.

Nilimkuta jioni. Anaitwa Altje, mtu wa Manado, Mkristo, umri wake kama hamsini na kitu. Hakushtuka. Alisema siku zote alijua mmoja wetu angekuja, ila alidhani ungekuwa wewe. Alinipa kiti, akaendelea kugeuza ndizi zake huku akizungumza. Aliishi na Baba miaka minane, hadi moyo wa Baba uliposimama. Tangu mwanzo alijua kwamba ana mke na watoto Balige. Hakuomba msamaha, nami sikuudai.

Nilimuuliza ni nani yuko juu ya Baba. Akasema ni binti yao, aliyekufa kwa homa ya dengi akiwa na miaka tisa, Baba akiwa ameshatangulia. Jina lake Rondang.

Nilimuuliza kwa nini jina hilo. Nakuandikia kama alivyosema:

"Baba yenu alikuwa ameshazoea kuitwa Baba Rondang. Alisema akiitwa jina jingine atakuwa mtu mwingine. Nikamuuliza, haya, na mimi je, nitaitwa nani? Mtoto akapewa jina hilo, na mimi nikapata langu siku hiyohiyo."

Kisha akatoa sharti lake. Baba ni wetu, tumchukue. Ila mtoto hatainuliwa akarudishwa shimoni peke yake. Aende na baba yake, au wabaki wote. Kwa mila zetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo sikuwa na hoja.

Usiku nilimpigia Mjomba Marolop, kwa kuwa yeye, kama kaka wa Mama, ndiye mwenye haki ya kupiga jembe la kwanza na kupokea fuvu. Alikuwa mkali. Aliniuliza huyo mtoto mjomba wake ni nani, maana yeye hachimbi pale ambapo wajomba wa watu wengine ndio wanaopaswa kuchimba. Mwishowe akasema, "Mama yenu akisema huyo ni mwanawe, mimi ni mjomba wake. Asiposema, nitarudi na jembe langu."

Dada, kuna jambo lazima ulijue kabla hujaenda kwa Mama. Altje nimeshamjibu. Nilimwambia ndiyo, wote wawili watakwenda, na leo asubuhi tumeliweka hilo mbele ya Mzee Sukardi. Sikukuuliza wewe, ambaye tarehe 20 utasimama pale ukisikia jina lako likiitwa pamoja na majina ya marehemu. Sikumuuliza Mama. Ukilikataa, nitakwenda kwa Altje na kulirudisha neno langu mwenyewe.

Wasalimie watoto na shemeji. Mama mpe mkono wangu kabla hujamwambia lolote.

Mjomba anapanda ndege Alhamisi. Nilimwomba abebe vitambaa viwili vya kufungia mifupa. Amesema atabeba kimoja. Cha pili, ambacho ni kidogo, lazima kitoke mkononi mwa Mama. Nitakupigia simu Jumatano saa moja jioni. Tunachimba Ijumaa saa mbili asubuhi.

Mdogo wako,
Binsar